Nimeacha kazi ya miaka 16 na kurudi darasani nikiwa na miaka 41: ninyi mlipata wapi moyo wa kuendelea?

#1 MamaGhala
Habari zenu wana jukwaa. Kwa miaka 16 nilikuwa mtunza ghala katika kiwanda cha kuchambua pamba mkoani Shinyanga. Nilipokea vipuri, vilainishi na magunia, niliandika leja kwa mkono hadi tulipoletewa kompyuta, na niliwafundisha kazi vijana waliokuja na vyeti ambao baadaye ndio walionisainia likizo yangu. Mwaka huu niliandika barua, nikakabidhi funguo na kujiunga na chuo cha afya jijini Mwanza kusoma stashahada ya uuguzi na ukunga, ambayo ni ya miaka mitatu. Sikufukuzwa wala sikugombana na mtu. Alama zangu za Baiolojia, Kemia na Fizikia za kidato cha nne zilikuwa zimelala ndani ya bahasha tangu mwaka 2001.

Sasa muhula wa kwanza unaelekea ukingoni na moyo umeanza kulegea. Kiongozi wa darasa letu amezaliwa baada ya mimi kumaliza shule, naye huniita mama mkubwa mbele ya watu wote. Mkono unauma nikiandika kurasa nne mfululizo, kwa kuwa kalamu yangu kwa miaka mingi ilikuwa ya tarakimu na sahihi tu. Wiki iliyopita, katika chumba cha mazoezi, nilivaa kifaa cha kusikilizia masikioni, nikajaza upepo kwenye kitambaa cha kupimia shinikizo la damu kilichofungwa mkononi mwa mwenzangu, nikaufungulia taratibu kama tulivyoelekezwa, na sikusikia pigo hata moja. Binti wa miaka 19 alikisogeza kile kisahani kidogo kuelekea upande wa ndani wa kiwiko, ndipo nikasikia.

Ndugu na marafiki huniambia kwamba nitaweza tu. Ninawashukuru, lakini maneno hayo hayafiki jioni. Swali langu ni kwenu mlioacha kazi mliyoizoea mkarudi shuleni: ni nini hasa kiliwashikilia msikate tamaa? Ninaomba visa vyenu wenyewe, nasaha za jumla ninazo za kutosha.

#2 Kaka wa Nyakato
Karibu Mwanza, mama. Mimi niliacha kazi ya upishi hotelini baada ya miaka 11, nikasoma sayansi ya maabara. Kwangu mimi hakuna mtu aliyenitia moyo, matokeo ya muhula wa kwanza ndiyo yaliyonitia. Kabla hayajabandikwa nilikuwa nikijiona mtu aliyeingia harusini bila kadi, na baada ya kuona kwamba sina sapu (mtihani wa kurudia) hata moja, ilhali baadhi ya wale vijana niliowaogopa walikuwa nazo mbili mbili, nilianza kukaa kiti cha mbele bila kuangalia nyuma. Ushauri wangu ni kwamba usijipime leo. Subiri ubao wa matokeo.

#3 Mzee wa Mlimani
Ninaomba kutofautiana kidogo na #2. Kinachomsumbua binti yetu si alama, ni umri, na jambo hili la umri limekuzwa na zama hizi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, mtu alipomaliza kidato cha sita hakuingia chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza afanye kazi na apate mapendekezo ya mahali alipokuwa. Sisi tuliokuwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo tulikaa darasani na makarani, walimu, wauguzi na maofisa ugani, wengi wakiwa na wake, waume na watoto. Asiyewahi kushika mshahara ndiye aliyeonekana kuwa mgeni. Hakuna aliyehitaji kutiwa moyo kwa sababu ya mvi. Utaratibu huo ulipolegezwa, tukajenga mazoea ya kudhani kwamba darasa ni mali ya vijana.

#4 Tumaini Jipya
Mama, usivunjike moyo. Mkumbuke mzee Kimani Maruge wa Kenya aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 84 hadi akamaliza la saba, na umkumbuke Mwalimu Nyerere, aliyeacha kazi ya kufundisha Pugu ili aende kusoma Edinburgh. Wewe mwenye miaka 41 ni kijana mbichi.

#5 Msahihishaji Mkuu
Mifano ya #4 ni mizuri, ila imechanganywa. Nyerere alikuwa akifundisha Tabora, katika shule ya Mtakatifu Maria, alipokwenda Edinburgh mwaka 1949, naye alihitimu mwaka 1952. Pugu alifundisha baada ya kurejea, na kazi ya hapo aliiacha mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Mzee Maruge naye aliandikishwa darasa la kwanza mwaka 2004 huko Eldoret, baada ya serikali ya Kenya kufuta ada za shule za msingi mwaka 2003, na alifariki Agosti 2009 kabla ya kumaliza shule ya msingi. Isitoshe, hakuacha ajira yoyote, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuweza kujisomea Biblia mwenyewe.

Kama mnatafuta mtu aliye karibu zaidi na fani ya mleta uzi, yuko Priscilla Sitienei, bibi wa huko huko Kenya aliyekuwa mkunga wa jadi kwa miaka mingi, akaingia shule ya msingi akiwa na umri wa takriban miaka 90 na kusoma darasa moja na watoto ambao baadhi yao aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99.

#6 Binti Lindi
Ninawaheshimu wazee wote waliotajwa, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akilipa kodi ya chumba Mwanza. Tuseme ukweli kuhusu kinachomkatisha tamaa mtu mzima aliyeacha kazi: ni ile tarehe ya mshahara ambayo simu haitoi mlio. Niliacha kazi ya ukarani katika kampuni moja ya usafirishaji nikasomee ualimu, na kila ilipofika tarehe 25 nilikuwa na siku mbili za kujilaumu, hata kama wiki nzima ilikuwa imekwenda vizuri darasani. Vijana wenye bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, walikuwa wakishangilia fedha zinapoingia, mimi nikijifanya ninasoma.

Kilichoniponya hakikuwa hotuba. Nilizigawa akiba zangu kwa miezi, nikafungua akaunti nyingine na kumwomba dada yangu anihamishie kiasi kile kile kila tarehe 25 kutoka kwenye fedha zangu mwenyewe. Mlio wa simu ukarudi. Mtaniona mjinga, lakini usingizi ulirudi pia.

#7 Kaka wa Nyakato
#6, kwa hiyo ulijiajiri, ukajilipa na bila shaka ukajinyima nyongeza ya mshahara.

#8 Binti Lindi
Nilikuwa mwajiri mgumu kuliko yule wa kwanza.

#9 Hesabu Kwanza
Nitasema jambo ambalo halitapendeza. Matangazo ya ajira serikalini huweka ukomo wa umri wa mwombaji kuwa miaka 45. Mleta uzi ana miaka 41, atahitimu akiwa na 44, na bado atahitaji kusajiliwa na kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kabla ya kuomba kazi. Kwa hiyo dirisha lake la kuingia serikalini ni la mwaka mmoja hivi, na akirudia mwaka masomoni dirisha hilo hufungwa kabisa. Aidha, pensheni huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na mtu anayeanza akiwa na 45 akastaafu kwa lazima akiwa na 60 hupata miezi hiyo 180 bila hata mmoja wa ziada. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi nayo asiitazamie, kwa kuwa ukomo wake ni miaka 35. Huo unaoitwa kulegea moyo huenda ni akili yake inayompigia hesabu ambazo yeye hajataka kuziandika kwenye karatasi.

#10 Mstaafu Mtarajiwa
Hesabu za #9 ni sahihi kila moja peke yake, ila zimesahau miaka 16 ya kiwandani. Miaka 16 ni miezi 192. Kama mwajiri wake alikuwa akipeleka michango NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kila mwezi, sharti la miezi 180 amekwisha kulivuka kabla hajanunua hata daftari, na kinachobaki ni umri: miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Jambo la maana ni kwamba asishawishiwe kuichukua michango hiyo ili alipie ada. Fao la kukosa ajira lenyewe halimhusu, kwa sababu ni la mtu aliyepoteza ajira, si aliyeiacha kwa barua yake. Dada, nenda ukaombe taarifa ya michango yako, uikague mwezi kwa mwezi kama ulivyokuwa ukikagua leja.

Kuhusu miaka 45, huo ni ukomo wa serikali. Kanda ya Ziwa ina hospitali nyingi za mashirika ya dini na za watu binafsi, na huko wengi huangalia leseni na mikono yako.

#11 MamaGhala
Nimesoma yote. Shikamoo, mzee wa #3. Wengine ninawasalimu.

#9, hesabu za umri nilizipiga kabla ya kuandika barua, tena usiku, nikiwa zamu ya kuhesabu mali za mwisho wa mwaka. Ninajua kwamba dirisha ni jembamba. Hilo la miezi 180 ndilo sikulijua, nami nitalifuatilia.

Nimwongezee #2 jambo moja, kwa kuwa sijafika kwenye ubao wa matokeo lakini nimeonja kitu kinachofanana nao. Juzi mkufunzi alitupa hesabu ya dripu: mgonjwa apewe mililita 500 kwa saa nne, na mrija ni wa matone 20 kwa mililita moja, je, ni matone mangapi kwa dakika? Darasa zima lilitoa simu. Mimi nilizidisha 500 kwa 20 nikapata 10,000, nikagawanya kwa dakika 240, nikasema ni 42 baada ya kukadiria, kwa sababu kugawanya mapipa ya mafuta kwa mashine na kwa zamu ndiyo kazi niliyoifanya nusu ya maisha yangu. Mkufunzi aliniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani zamani. Siku hiyo niliondoka darasani nikitembea vizuri. Kesho yake tulirudi kwenye majina ya mifupa, nikawa wa mwisho.

#12 Nesi wa Wodi Tatu
Mama, shinikizo la damu utalisikia tu, kila mmoja wetu alipata shida mwanzoni. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nami nimewapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa kila umri. Wenye umri kama wako hawapotezi vifaa, hawachelewi zamu, na mama mjamzito mwenye uchungu humshika mkono mtu mzima bila kuuliza anasoma mwaka wa ngapi. Leja yako pia haijafa, maana chumba cha dawa cha wodi ni ghala, na wauguzi wengi huchukia kukihesabu.

Lakini nisikufurahishe tu. Niliwaona pia watu wazima waliokwama, na walikwama mahali pamoja: hawakuweza kuelekezwa na mtu mdogo. Alikuja mmoja aliyekuwa msimamizi mahali fulani, na kila alipoonyeshwa namna ya kukunja kona za shuka alianza kueleza jinsi walivyokuwa wakifanya kazini kwake. Aliondoka kabla ya mwaka kwisha. Wewe ulimwacha binti wa miaka 19 akusogezee kifaa, na ukatusimulia bila kinyongo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo dalili ya kuangalia, kuliko matokeo ya #2 na fedha za #6.

#13 Mume wa Mwanafunzi
Ninaandika kutoka upande wa pili, yaani nyumbani. Mke wangu aliacha kazi ya benki aliyokuwa nayo kwa miaka 13 akaenda kusoma sheria. Ninyi mnajadili moyo wa mwanafunzi kana kwamba anaishi peke yake. Kwetu, kilichomshikilia kilikuwa ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa friji: nani anapika lini, nani anakagua daftari za watoto, na kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne hakuna anayemwita. Katika muhula wa kwanza niliivunja ratiba hiyo mara nyingi kuliko watoto, nami nilifokewa ipasavyo. Mama hajatuambia kama watoto na mwenzake wako Shinyanga au wako naye, na bila kujua hilo ninaona ushauri wetu unapigwa gizani.

#14 Mzee wa Mlimani
Marahaba, binti. #13 amenena jambo ambalo sisi wa zamani hulisahau: nyuma ya wale watu wazima niliowasifu palikuwa na wake waliobaki vijijini wakilima na kulea. Wanawake waliopata nafasi ya kuondoka hivyo walikuwa wachache mno. Hata hivyo ninashikilia kwamba darasa lenye watu wa rika nyingi ndilo dawa. Nchi hii ilikwisha kuutangaza mwaka mzima wa 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na leo mtu mzima darasani anachekwa.

#15 Mpinga Upepo
Nina swali rahisi: kwa nini aliacha kazi? Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi kwa watu wenye kazi zao. Kina vituo mikoani, na mtu anaweza kusoma huku akipokea mshahara. Nusu ya majonzi yaliyosimuliwa humu yasingekuwapo. Sisemi kwamba amekosea, ninasema kwamba tunamtia moyo mtu aliyeuchoma mtumbwi wakati ungeweza kufungwa gatini.

#16 Nesi wa Wodi Tatu
#15, kuzalisha hakufundishwi kwa masafa. Stashahada ya uuguzi na ukunga ina saa nyingi za wodini, mchana na usiku, na hakuna kiwanda cha pamba kitakachomruhusu mtunza ghala kwenda zamu ya usiku hospitalini katika msimu wa kuchambua. Kwa sheria au uhasibu, hoja yako ina uzito.

#17 Mpinga Upepo
Kwa uuguzi ninakubali. Kwa #13 na mke wake wa sheria, swali langu linabaki palepale.

#18 Mume wa Mwanafunzi
Mpelekee yeye mwenyewe, mimi ninaishi naye.

#19 Sabasaba79
Nimepita kimya hadi hapa, lakini naona wote wanaozungumza ni waliofaulu. Mimi niliacha kazi ya ufundi mitambo, nikasoma mwaka mmoja na nusu, nikarudi kazini. Sikudisko, yaani sikuondolewa chuoni kwa kufeli. Matokeo yangu yalikuwa mazuri, ratiba ya nyumbani ilikuwapo, fedha zilikuwapo kidogo, na darasani tuliheshimiana. Kwa hiyo nadharia zote nne zilizotolewa humu nilikuwa nazo mkononi, na bado moyo uliisha. Nilikuja kugundua kwamba nilikuwa ninamkimbia msimamizi wangu, na alipohamishwa kituo sikuona tena sababu ya kukaa darasani. Siku hizi ninafanya kazi ile ile na sijuti. Mama, pengine ujiulize: kama wale vijana wenye vyeti wangekupandisha cheo mwaka jana, ungekuwa Mwanza leo?

Na jambo jingine la pembeni, kwa wengine watakaosoma uzi huu. Mimi niliambiwa na mwajiri kwamba niandike barua ya kuacha kazi ingawa wao ndio waliokuwa wakipunguza watu. Nikaiandika kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata chuo. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mtu anayepunguzwa hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi, na anayeacha mwenyewe hapati. Soma kabla ya kusaini, na usitoke bila cheti chako cha utumishi.

#20 Tumaini Jipya
#19, swali lako ni kali. Mbona unamkatisha tamaa mtu aliyekuja kutafuta faraja?

#21 Sabasaba79
Aliomba visa. Nimetoa changu.

#22 MamaGhala
Mwacheni #19, amenifanya nikae kimya kwa muda, na nadhani nilihitaji hivyo. Jibu langu ni kwamba wangenipandisha cheo ningebaki. Lakini sina hakika kwamba hilo linamaanisha ninachodhani #19 analimaanisha. Mwaka nilipojifungua mtoto wa pili, katika zahanati ambayo muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi yote, niliomba fomu ya chuo na kuificha kwenye droo ya ghala. Cheo kingeniweka pale, ndiyo, na ile fomu ingeendelea kuwa chini ya vitabu vya risiti.

#13, watoto wako Shinyanga na mama yangu, mume wangu ni dereva wa malori na hukaa njiani. Jumapili ninaongea nao kwa simu hadi salio linakwisha. Ratiba ya friji sina, na sijui ingebandikwa wapi.

#23 Nesi wa Wodi Tatu
Ratiba ifanyeni ya simu basi. Watoto wajue kwamba Jumatano saa moja usiku ni zamu yao, na isiwe Jumapili peke yake.

#24 Kaka wa Nyakato
Na huyo kiongozi wa darasa mwambie kwamba mama mkubwa hutumwa kwa heshima. Akubebee vitabu.

#25 Hesabu Kwanza
Nimerudi kwa jambo moja tu. Je, taarifa ya michango umeichukua? Wengi husema watakwenda na hawaendi.

#26 MamaGhala
Nimekwenda leo asubuhi kabla ya kipindi. Miezi saba ya mwaka mmoja haipo, na ni ule mwaka kiwanda kilipokuwa na shida ya fedha, ingawa kwenye karatasi zangu za mshahara makato yapo. Karatasi zote ninazo, kwa sababu mimi situpi karatasi.

#27 Mstaafu Mtarajiwa
192 ukitoa 7 ni 185, kwa hiyo bado umevuka. Hata hivyo usiwaachie. Tengeneza nakala za hizo karatasi saba, ziambatanishe na barua, upeleke kwenye ofisi ya mfuko na uombe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

#28 MamaGhala
Mhuri wa kupokea mzigo unamfundisha mtunza ghala? Nitakwenda Ijumaa, baada ya mtihani wa mifupa.